Mtoto wa Miezi Tisa Asifie Leba: Mwongozo Kamili kuanzia Wiki ya 36

Mlangoni mwa leba kuna maneno niliyoyasikia mpaka nikawa nayajua kabla mtu hajafungua mdomo: "Tulikuwa tunasubiri uchungu uive." Anayeyasema aghalabu ni mama mkwe au shangazi, kakumbatia beseni lenye khanga zilizokunjwa vizuri, na mzazi mwenyewe bado yumo ndani ya bajaji, hawezi kushuka.

Nimekuwa mkunga katika mkoa huu wa Tanga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Nimeshaandika mara mbili kuhusu dalili za hatari. Watu walisoma, wakashukuru, wakasambaza kwenye makundi yao ya WhatsApp, kisha siku ilipofika wakafanya yaleyale. Nadhani kosa lilikuwa langu. Niliwapa orodha ya kutisha, sikuwaambia jioni ya leo wafanye nini. Safari hii tunakwenda hatua kwa hatua.

Jambo moja kwanza. Duniani, kila mwaka, watoto karibu milioni 2 huzaliwa wakiwa wamekufa baada ya wiki 28 za mimba, na zaidi ya 4 katika kila 10 kati yao walikuwa hai uchungu ulipoanza. Wengi wa hao waliokuwa wamekwisha kutimia waliuawa na kukosa hewa. Shika mfano huu, maana nitaurudia. Mtoto tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa yake inatoka kwa mama, inapita kwenye kondo la nyuma na kushuka kwa kitovu. Kila uchungu ukishika, mji wa mimba hubana mishipa inayolisha kondo, hewa ikapungua. Uchungu ukiachia, hewa hurudi. Ni kama mzamiaji wa majongoo ya bahari kule Kigombe: anazama, anaibuka, anavuta pumzi, anazama tena. Mtoto mwenye afya huweza kufanya hivyo saa 10 na zaidi, akatoka analia.

Mzamiaji hufa kwa namna tatu. Yupo aliyeingia majini na pumzi fupi. Yupo anayezamishwa bila kupewa nafasi ya kuibuka. Na yupo aliyekatikiwa na mpira wa hewa. Karibu kila sababu utakayoisoma humu inaingia katika mojawapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Viweke pamoja ifikapo wiki ya 36, ndani ya begi moja, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne akitumwa gizani atalipata.

- Kadi ya kliniki. Bila hiyo, mkunga wa zamu anakupokea kama mtu aliyeshuka mwezini.
- Daftari dogo na kalamu. Simu huisha chaji. Daftari haliishi.
- Namba 115 ikiwa imehifadhiwa kwenye simu zaidi ya moja. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaopeleka gari kwa mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura. Pasipo na gari la wagonjwa karibu, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa.
- Fedha taslimu ya usafiri. Ya kwenye simu haitoshi. Saa 8 usiku wakala amelala.
- Watu wawili wa kutoa damu, wenye afya, wanaojua kwamba wametajwa.
- Khanga safi zisizopungua 5, kofia na soksi za mtoto. Mbili kati ya hizo khanga ni za kumkaushia tu. Usizifanye za kutandika.
- Glovu, wembe mpya, klempu au uzi wa kitovu, pamba, mpira wa kuzalia. Kila kituo kina orodha yake. Iulizie kwenye hudhurio linalofuata.
- Saa inayokwenda. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Pata tarehe ya kweli

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi inakupa tarehe 17 Desemba. Hesabu hii inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 au karibu na hapo.

Huku pwani wengi hatuhesabu kwa Machi na Desemba, na mkunga kijana akikuuliza tarehe unabaki unamtazama. Basi hesabu kwa mwezi mwandamo: ongeza miezi 9 na siku 14. Hedhi iliyoanza tarehe 4 Mfunguo Tatu, mtoto anatarajiwa kama tarehe 18 Ramadhani. Na kama hedhi yako ya mwisho iliangukia ndani ya Ramadhani, huna haja ya kubahatisha, maana siku ulizokula unazijua moja moja na bado unadaiwa. Nimewahi kurekebisha mimba ya mtu kwa wiki 4 nzima kwa kumuuliza tu, "Mwanangu, deni lako la funga ni siku ngapi, na lilianzia lini?"

Kwa nini: Mtoto hutimia kuanzia wiki ya 37. Baada ya wiki ya 41 kondo huanza kuchoka, maji hupungua, na pumzi ya mzamiaji wetu hufupika siku hadi siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mimba iliyothibitika kufika wiki 41 ianzishiwe uchungu hospitali. Asiyejua tarehe yake hupitiliza akidhani bado.

Tahadhari: Altrasaundi ya mwezi wa tisa haisemi ukweli kuhusu umri wa mimba. Ya kabla ya wiki ya 24 ndiyo ya kuaminika. Zikipingana, iamini ya mwanzo.

Umefaulu ukiwa na tarehe moja iliyoandikwa mahali patatu: kwenye kadi, kwenye daftari na kwenye simu ya baba wa mtoto.

## Hatua ya 2: Isome kadi yako, usiibebe tu

Nimeona kadi zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, safi kama cheti cha ndoa, na ndani kuna alama nyekundu ambayo nyumba nzima hakuna aliyeisoma. Msichana mmoja wa mimba ya kwanza alikuwa na maandishi "kimo sm 146" yaliyozungushiwa duara. Alifikishwa kwangu baada ya kusukuma usiku kucha nyumbani, na kichwa cha mtoto kilikuwa bado juu.

Kaa na kadi yako mwangani, na mtu mwingine anayejua kusoma. Tafuteni haya.

Yanayofupisha pumzi ya mtoto. Presha inayofika 140/90, hasa kukiwa na protini kwenye mkojo. Kiwango cha damu chini ya 11. Ikiwa chini ya 7 hiyo ni dharura, haisubiri hudhurio lijalo. Kaswende isiyotibiwa. Malaria, ambayo hujificha kwenye kondo hata mama akiwa hana homa. Kwa hali ya hewa yetu hii, hesabu dozi zako za SP, vile vidonge vya kukinga malaria unavyopewa kliniki. Zinatakiwa zisipungue 3, zikianza baada ya miezi mitatu ya mwanzo na kupishana mwezi mmoja. (Anayetumia dawa za kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwa hiyo asishangae kuona nafasi tupu.) Tumbo ambalo kipimo chake hakipandi toka hudhurio moja hadi jingine, maana yake mtoto hakui vizuri. Sigara, na moshi wa watu wengine pia.

Yanayofanya azamishwe muda mrefu. Mimba ya kwanza. Umri chini ya miaka 18. Kimo chini ya sentimita 150. Mtoto mkubwa, hasa mama akiwa na kisukari: kichwa hutoka, mabega yakakwama. Mtoto aliyetanguliza makalio au aliyelala mshazari. Mapacha, na hasa yule wa pili.

Yanayohatarisha mpira wenyewe wa hewa. Kovu la upasuaji wa zamani, ambalo linaweza kufumuka. Kondo lililokaa chini, mlangoni mwa njia. Presha tena, kwa sababu huweza kulibandua kondo kabla ya wakati. Mimba ya 5 na kuendelea, na umri wa zaidi ya miaka 35.

Kando na hao wote yupo aliyewahi kufiwa na mtoto leba au ndani ya wiki ya kwanza. Hata kama sababu haikujulikana, huyo ni wa hospitali, si wa zahanati.

Kisha nenda kliniki na maswali matatu tu. "Shikamoo sista. Mtoto amelalaje? Presha yangu na damu zikoje leo? Na mimi ni wa kuzalia hapa, au wa kwenda penye chumba cha upasuaji?" La tatu ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa.

Tahadhari: Kadi isiyo na alama hata moja si hirizi. Wengi waliopoteza watoto mikononi mwangu walikuwa na kadi nyeupe. Alama hukuambia uende wapi. Kwenda ni kwa kila mtu.

Umefaulu ukiweza kulitaja jina la kituo utakachojifungulia na sababu yake, bila kuangalia popote.

## Hatua ya 3: Ujue mchezo wa mtoto wako

Kila siku, saa ambayo mtoto wako huchangamka (kwa wengi ni baada ya chakula cha usiku), lala ubavu na uhesabu. Teke, msukumo, kujigeuza, vyote ni kimoja kimoja. Mtoto mzima hufikisha 10 ndani ya saa 2, mara nyingi mapema zaidi.

Watu wazima watakuambia, "Kashatimia, nafasi imekwisha, ndiyo maana katulia." Naomba sana usikubali. Namna ya kucheza hubadilika, mateke yakawa misukumo, lakini mtoto hatulii kwa sababu ya kubanwa. Akitulia ni kwamba anabana matumizi ya hewa, kama mtu aliyebakiwa na shilingi mia tano mpaka mwisho wa mwezi.

Usimpe soda akaamke. Usingoje asubuhi. Saa 2 zimepita na hujafika 10, au mchezo wake tu umebadilika na moyo wako hautulii, nenda ukasikilizwe siku hiyohiyo. Ukirudishwa nyumbani kwa kuambiwa yuko salama, hujapoteza kitu.

Na ukilala, lala ubavu. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho akilala chali, tumbo hukalia mshipa mkubwa unaorudisha damu. Ukishtuka uko chali, geuka tu, endelea na usingizi.

## Hatua ya 4: Fanyeni kikao kabla ya uchungu

Hapa ndipo watu wanapoanguka, kwa hiyo nivumilieni.

Uamuzi wa kutoka nyumbani huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Mume yuko baharini, bamvua limekolea, simu haipatikani. Mama mkwe hataki aonekane kamtoa mke wa watu usiku bila idhini. Mzazi mwenyewe anaona haya. Wote watatu wanajua la kufanya, na wote watatu wanamngoja wa nne.

Kwa hiyo kikao kiwe wiki ya 36, mume akiwepo, na yasemwe kwa sauti:

1. Nani anaamua mume asipopatikana. Atajwe mtu mmoja, na mume aseme mwenyewe mbele ya mama yake: "Nisipopatikana, wifi akisema twende, mwende."

2. Chombo gani, cha nani. Dereva wa bajaji wawili, bodaboda iwe ya mwisho kabisa. Waulizwe kama usiku hupokea simu.

3. Njia gani, na inafungwa lini. Wa Bweni, Mwera na Kipumbwi wana mto Pangani mbele yao. Nendeni mkaulize kivukoni, leo hii mchana, kinafanya kazi mpaka saa ngapi na usiku anapigiwa nani. Wa milimani Lushoto waangalie barabara kama ni masika. Wa mashamba ya katani wajue geti hufunguliwa na nani saa 9 usiku.

4. Fedha inakaa wapi. Isikae mfukoni mwa aliyekwenda kuvua.

5. Nani anabaki na watoto. Nimeona mama mwenye uchungu akisubiri jirani arudi harusini ili amwachie watoto.

Mwenye alama yoyote kwenye hatua ya 2, au anayekaa zaidi ya saa 1 kutoka penye upasuaji, asingoje uchungu umkute kwake. Wiki ya 38 ahamie karibu. Baadhi ya vituo vina nyumba ya kusubiria wajawazito. Pasipo nayo, ndugu aliyeko Ngamiani au Makorora atamvumilia wiki mbili tatu. Mjini Tanga kuna Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Muheza kuna Teule. Korogwe kuna Magunga. Vipo pia vituo vya afya vinavyopasua, ila uliza kama wanapasua hata usiku na hata Jumapili, na kama damu wanayo. Chumba cha upasuaji kisicho na mtaalamu wa usingizi ni chumba tu.

Umefaulu ukiweza kumwamsha yeyote nyumbani usiku, akakujibu haya matano bila kuuliza mwingine. Jaribuni mara moja. Watakulaani, lakini watakuwa wameshajua.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe, toka mapema

Uchungu wa kweli huja kwa mpangilio, hukaribiana, hauondoki ukitembea wala ukioga. Mimba ya kwanza na kituo kiko karibu: ukishika kila dakika 5, na kila mmoja ukikaa kama dakika moja, kwa muda wa saa nzima, toka. Uzazi wa pili na kuendelea, au njia ndefu: toka pale tu unapoona umeanza kupangika. Andika kwenye daftari saa ulipoanza. Hilo litakuwa swali la kwanza utakaloulizwa.

Lakini kuna mambo ambayo hayasubiri mpangilio wowote. Toka hapohapo ukiona:

- Chupa imepasuka, hata kama uchungu haujaanza. Angalia rangi: maji yanapaswa kuwa meupe. Yakiwa ya kijani kama maji ya mchicha, mtoto amejisaidia ndani na huenda anahangaika.
- Damu ya kulowesha khanga. Ute wenye damu kidogo ni kawaida. Damu inayotiririka si kawaida.
- Tumbo limekaza kama ubao na haliachii. Kondo linaweza kuwa limebanduka.
- Kichwa kinauma sana, macho yanaona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, au degedege. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba.
- Homa, au maji yenye harufu mbaya.
- Maumivu makali kwenye kovu la zamani.
- Mtoto kaacha kucheza.

Kitovu kikitangulia. Hutokea mara chache, na dakika zake ni za kuhesabika. Chupa ikipasuka na mama akahisi kitu kama utumbo kinaning'inia, asisimame wala asisukume. Apige magoti, kifua kiguse chini, makalio yawe juu. Usikishikeshike kitovu, usijaribu kukirudisha. Kwenye gari alale ubavu wa kushoto, mito na khanga zote zipangwe chini ya nyonga. Piga simu mbele ili chumba cha upasuaji kiandaliwe.

Dawa za kuongeza uchungu. Mizizi, vikombe vya bibi, vidonge vya dukani, sindano ya "dokta" wa mtaani, vyote vinafanya jambo moja: vinaleta uchungu usioachia. Mzamiaji anashikwa kichwa chini ya maji. Mama atakuambia uchungu ulikuwa mzuri, unakimbia, na mtoto atatoka kimya. Kombe la zafarani, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa, silikatazi. Mimi mwenyewe nililinywa. Ila liandikwe mapema, linywewe huku begi liko mlangoni, na lisiongezewe kitu. Na kama mtu ameshampa mzazi dawa, tafadhali, semeni mkifika. Hatutawafokea, na tukiwafokea semeni tu.

## Hatua ya 6: Ndani ya leba

Katika kituo nisichokitaja, usiku mmoja wa masika, nilikuwa peke yangu na wanawake 6. Mama wa kitanda cha 3 alikuwa na uzazi wa pili, kadi nyeupe. Saa 5 usiku nilisikiliza mtoto: mapigo 138, safi. Kisha wa kitanda cha 1 akaanza kutoka damu, na kila kitu kikahamia huko. Nilirudi kitanda cha 3 saa 7 na dakika 20. Nikaweka pinadi tumboni, ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto, nikainama. Nikasogeza. Nikasogeza tena. Mama akanitazama usoni, akauliza taratibu, "Sista, mbona unatafuta sana?"

Patogramu yake, karatasi tunayoandikia mwendo wa uchungu na mapigo ya mtoto, ilikuwa na nafasi 4 tupu. Mpaka leo naziona.

Ndiyo maana nataka msindikizaji mwenye saa. Mapigo ya mtoto hutakiwa yasikilizwe walau kila nusu saa uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Nusu saa ikipita, mwambie mkunga kwa adabu: "Sista, samahani, nusu saa imefika, tumsikilize mtoto?" Usitumie sauti ya kugomba; mwenye wagonjwa 6 hahitaji wa 7. Ila sema. Vituo vingine havimruhusu msindikizaji kuingia. Basi mama aifahamu sentensi hiyo na aiseme mwenyewe.

Mengine ya humo ndani ni mepesi. Mama atembee akiweza, na akilala iwe ubavu. Anywe maji na chai ya sukari. Akojoe kila baada ya saa 2, kwani kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Asisukume kabla hajaambiwa njia imefunguka yote.

Ishara kwamba uchungu umepitiliza: uchungu uliokolea ukifikisha muda wa saa 12 kwa mzazi wa kwanza, au saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa, na njia bado. Kusukuma kukipita muda wa saa 3 kwa wa kwanza, au saa 2 kwa wengine. Hapo kuuliza "daktari anasemaje, tunasubiri nini?" ni haki yenu. Na mkiambiwa upasuaji, msiombe saa moja ya kwenda kushauriana. Kikao mlishafanya wiki ya 36.

Tahadhari mbili. Hakuna mtu wa kupanda juu ya tumbo wala kulikandamiza ili mtoto atoke. Na dripu ya kuongeza uchungu ikifungwa, mapigo ya mtoto yafuatiliwe kwa karibu zaidi, si kidogo zaidi.

Umefaulu ukiona mistari ya patogramu inajazwa, na hakuna aliyepatwa na mshangao.

## Hatua ya 7: Dakika ya kwanza

Mtoto aliyetoka bila kulia hajafa. Wengi wanahitaji kukaushwa kwa nguvu kidogo na kusuguliwa mgongo. Wachache wanahitaji hewa ya kifaa cha kupulizia na barakoa, ndani ya dakika 1, na wakunga hufunzwa hivyo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya mafunzo hayo katika hospitali 8 za Tanzania: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Akizaliwa njiani, simamisheni gari. Mlalisheni juu ya kifua cha mama, mkausheni kwa khanga ya kwanza, itupeni hiyo iliyolowa, mfunikeni kwa ya pili pamoja na kofia. Futeni mdomo na pua. Kitovu kiacheni kama kilivyo, kituo kitakata. Asipopumua, inua kidevu chake kidogo tu, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, puliza hewa ya mashavuni mpaka kifua kiinuke, tena na tena huku gari likiendelea na safari. Msimning'inize miguu juu. Msimpige makofi. Msimmwagie maji baridi. Baridi yenyewe inaua.

Umefaulu ukisikia unachokijua.

## Hatua ya 8: Ikitokea mtoto amefariki

Naandika kwa sababu mnaniuliza faragha, na mwongozo unaokwepa hapa si kamili.

Mama apewe nafasi ya kumwona na kumshika mtoto wake, akitaka. Asiharakishwe kwa sababu ya mazishi. Maziwa yatatoka siku ya tatu, na hakuna anayemwonya. Afunge kifua kwa sidiria inayobana kiasi, aweke kitambaa baridi, asikamue sana.

Kabla hamjaruhusiwa, mwombeni daktari au mkunga awaambie yafuatayo, na mwandike kwenye lile daftari: mtoto alikuwa hai walipofika au la, uzito wake, ngozi yake ilikuwa nzima au imechubuka (nzima inaonyesha alifariki muda si mrefu), maji yalikuwa rangi gani, kitovu na kondo vilikuwaje, na presha ya mama ilikuwa ngapi. Ombeni pia kipimo cha sukari na kaswende kama havikufanyika. Yote haya hayachukui zaidi ya ukurasa mmoja.

Mwili upumzike kabla ya mimba nyingine. Siku mama atakapokosa tena hedhi, aende kliniki wiki hiyohiyo na ukurasa huo mkononi, auweke mezani kabla hajaulizwa jina.